Mwalimu Alivyolishusha Gari Letu

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka yote niliyoishi naye sijapata kumwona akitoka nyumbani bila kuchomekea shati. Sweta lake la kijivu halimtoki hata jua likiwaka. Akivuka barabara hapa Kibondo, barabara ambayo tangu asubuhi imepitwa na ng'ombe watatu na bodaboda mmoja, hutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Kwa hiyo jioni moja aliponiwekea simu mbele ya sahani, nikaona picha ya gari lililokaa chini kama kuku anayeatamia, akasema, "Letu nalo linaweza kuwa hivi," nilicheka mpaka ugali ukanipalia.

Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize, akanimiminia maji.

"Nimeshapiga hesabu za kitovu cha uzito," akasema. "Gari likiwa chini, linashika barabara vizuri zaidi."

"Barabara ipi?"

"Lami."

Hapo alikuwa na hoja. Mimi nililetwa huku na barua ya serikali, mkunga kutoka Lushoto, nikidhani nitakaa miaka miwili niombe uhamisho. Wakati ule njia ya kwenda Kasulu ilikuwa vumbi kiangazi na uji masika, na safari hatukuipima kwa saa, tuliipima kwa idadi ya mara tulizoshuka kusukuma. Nikaolewa na mwalimu huyu, mwenyeji wa Kitahana, nikabaki. Lami ilipofika, wiki ya kwanza watu walitoka na watoto wao kwenda kuikanyaga tu, basi. Mume wangu naye alikwenda. Alichuchumaa katikati ya barabara na sweta lake, akaigusa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa.

Usiku huo wa picha alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alipokuwa chuoni Dar es Salaam, kijana mmoja jirani yao alikuwa na gari lililoshushwa, lenye rimu kubwa na mlio wa kutikisa madirisha. Kila Jumamosi kijana yule aliliosha, naye mume wangu alikaa dirishani na daftari lake akijifanya anasoma. "Nikajiambia siku moja," akasema. "Halafu nikapangiwa huku. Gari utalishusha wapi kwenye makorongo? Nimeendesha kwa adabu maisha yangu yote."

Nikamwambia sawa. Nilidhani litapita kama lilivyopita wazo la kufuga nyuki, na lile la kujifunza gitaa.

Halikupita. Vifurushi vikaanza kuja kwa basi. Kwanza springi nne fupi, zilizopakwa rangi nyekundu. Kisha rimu za inchi kumi na saba, nyeusi, na tairi zake nyembamba kama chapati iliyosukumwa na mtu mchoyo. Mwisho ukaja mzigo mrefu uliofungwa kwa gunia: mabomba manne yanayong'aa, yamepindana kama matumbo, halafu yakaungana kuwa bomba moja. Mafundi wanayaita heda. Hufungwa kwenye injini, hukusanya moshi na kuutoa haraka, na kelele zake pia. Mume wangu aliyaweka juu ya meza ya sebuleni, juu ya kitambaa changu cha kufuma, akayatazama wiki nzima. Mgeni akiuliza, nilimwambia ni tarumbeta. Mwenyekiti wa kwaya aliulizia kama tungewaazima kwa ajili ya Pasaka.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa Kasulu, mtu mzima aliyezaliwa Kongo, akaoa huku akabaki. Kiswahili chake kilikuwa na vipande vya Kifaransa kama mchele wenye kokoto. Shokapu, kwa mfano, aliziita amotisa, na ilichukua muda mume wangu na yeye kugundua kwamba wanabishana juu ya kitu kimoja. Alikagua vifurushi vyote, akapangusa mikono.

"Mwalimu, hizi magurudumu ni kubwa kuliko za zamani. Zinapandisha gari."

"Ndiyo," akasema mume wangu.

"Na hizi springi ni fupi. Zinashusha gari."

"Ndiyo."

"Sasa unataka ipande ao ishuke?"

"Ishuke. Lakini magurudumu yawe makubwa."

Fundi akanigeukia mimi niliyekaa kwenye benchi na chupa ya chai. "Madamu, wewe unafanya kazi gani?"

"Mkunga."

"Bon. Basi unajua. Mutu akishaanza uchungu, hakuna kumwambia arudi nyuma."

Kazi ilichukua siku nzima. Gari lilipandishwa kwenye mawe na jeki, miguu ikatolewa yote minne, na mume wangu akazunguka na sweta lake akimshikia fundi tochi mahali ambapo jua lilikuwa linawaka vizuri tu. Kabla ya kushusha jeki ya mwisho, fundi alimwita, akamwonyesha chini.

"Hii ni sampu, bakuli ya oili ya injini. Sasa iko karibu na udongo. Na heda inaning'inia hapa. Kwenye lami, hakuna shida. Kule kijijini kwenu..." Akatikisa kidole.

"Nitaendesha kwa akili," akasema mume wangu.

Gari likashushwa. Lilishuka, likashuka, nikadhani litasimama, likashuka tena. Alipowasha injini, mbuzi wawili waliofungwa nyuma ya gereji walikata kamba. Uso wa mume wangu siku ile sijauona hata siku ya harusi yetu. Nimemsamehe.

Tukarudi Kibondo tukinguruma. Pale ndipo maisha mapya yalipoanza. Matuta ya barabarani, ambayo zamani tuliyavuka bila kuyafikiria, sasa alikuwa anayaendea kwa mshazari, gurudumu moja moja, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Tukiwa zaidi ya watu wawili, tairi zilisugua fenda kwa ndani, krrr, naye akasimamisha gari na kusema kwa upole, "Naomba mshuke kidogo." Muuguzi mwenzangu aliyezoea kupewa lifti alihesabu tuta la nne, akasema hii si lifti, ni mazoezi, akachukua bodaboda.

Shuleni mambo yalikuwa matamu zaidi. Mume wangu alikuwa na sifa ya kutokea darasani bila kutarajiwa. Wanafunzi walimwogopa kwa hilo. Sasa walimsikia tangu gari linapoanza kupanda kilima. Akifika, darasa kimya, vitabu wazi, kila mtu anaandika. Akawa anarudi nyumbani amefurahi kweli.

"Vijana wa mwaka huu wana nidhamu ya ajabu," ananiambia.

"Kweli?"

"Sijui nini kimewaingia."

Nilimwacha afurahi mwezi mzima. Mkuu wa shule ndiye aliyemfumbua macho, na siku hiyo mume wangu alikuja nyumbani akala akiinamia sahani, mimi nikijitahidi kutomtazama machoni.

Mtu pekee ambaye hakumcheka alikuwa mama yake, na sababu ni kwamba hakuliona gari. Mama mkwe wangu anaishi Kitahana, kwenye mji wake wa migomba na mihogo, na kwa zaidi ya miaka miwili ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Alikuwa anaona kivuli na mwanga, na watu aliwajua kwa sauti. Mara ya kwanza tulipompelekea gari jipya-la-zamani, alitoka mlangoni akifuata mlio, akasema, "Mwakeye," salamu yao ya asubuhi, akanyoosha mkono kutafuta paa. Mkono ukapita hewani. Akaushusha, ukapita tena. Alipolipata paa, lilikuwa chini ya kifua chake. Akalipapasa polepole kutoka mbele mpaka nyuma.

"Mwana wanje," mwanangu, akamwambia mume wangu, "nani amelikalia gari lenu?"

Habari ya macho ilikuwa ugomvi wa muda mrefu. Mimi nilimweleza mara nyingi kwamba ni upasuaji mdogo, watu wanatoka siku hiyo hiyo. Alikuwa ananisikiliza, anasema "ego," yaani ndiyo, halafu haendi. Alikuwa na sababu nyingi: mbuzi nani atawalisha, magoti hayapandi basi, kuna mwanamke alipasuliwa akaona vibaya zaidi. Siku moja habari zikaja kwamba madaktari wa macho watakuwa Kasulu kwa wiki moja. Mume wangu akaenda kumwambia, akijiandaa kwa hoja kama za darasani. Mama akamsikiliza, akasema atakwenda. Bila sababu. Mpaka leo hatujui nini kilimgeuza.

Jumatatu ya safari tulifika Kitahana asubuhi mapema. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Njia ya kutoka kwenye lami kuingia kwa mama imekatwa na malori ya mihogo: mitaro miwili ya magurudumu, na katikati mgongo wa udongo mwekundu ulioota majani. Kuingia tuliingia kwa kupanda mgongo huo upande mmoja. Mume wangu alishuka mara kadhaa kupima kwa fimbo, anaandika kichwani, anarudi, anasogeza gari hatua tano, anashuka tena. Ningetembea ningeshafika.

Mama alikuwa amekaa nje tangu alfajiri, kitenge kipya, kilemba, na kibuyu kidogo cha asali kwa ajili ya daktari. Na hapa niseme jambo la haki kwa lile gari. Magoti yake hayakuweza kupanda chochote: basi, gari la mizigo, hata ngazi ya kanisa. Kwenye gari letu hakupanda. Alipapasa kiti, akageuka, akakaa kama anayekaa kwenye kigoda chake cha jikoni, akaingiza miguu. Mume wangu alinitazama juu ya paa. Nyusi zake zilikuwa zimepanda.

Zilishuka haraka. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi kwenye lami, gurudumu likateleza likaingia mtaroni, na tumbo la gari likakaa juu ya mgongo wa udongo, pwaa. Akakanyaga mafuta. Heda zikanguruma, magurudumu makubwa yakazunguka hewani yakirusha tope, na sisi tukabaki pale pale.

Nilishuka mimi. Akashuka yeye. Akachungulia chini, akasimama, akachomekea shati lililokuwa limechomoka.

"Mama," akasema kupitia dirishani, "tunaomba ushuke kidogo, tulipunguzie uzito."

"Sishuki," akasema mama.

"Dakika moja tu, mama."

"Mwanangu, nimekataa kwenda miaka miwili. Leo nimekubali, na nimekubali nikiwa nimekaa. Nikisimama, sijui kama nitakubali tena."

Mimi na mume wangu tukatazamana. Kwa kweli hapo hakukuwa na fizikia.

Watu wakaanza kutokea, wanaokwenda shambani na majembe begani, mmoja akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Walisimama wakalizunguka gari. Kwanza walicheka mpaka wakatosheka.

"Mwalimu, hili gari lina mimba?" akauliza mwenye baiskeli.

"Muulize mke wake," akajibu mwingine, "si ndiye mkunga?"

Nikasema njia imeshafunguka, tunachohitaji ni watu wa kuvuta. Wakacheka tena, wakaweka majembe chini. Walikuwa wanane. Walipoinama kushika, mama akaanza kuwapanga kutoka ndani, kwa sauti zao tu. Wewe mwenye kikohozi, nenda nyuma, una nguvu kama babu yako. Wewe ulicheka sana, shika mbele kwenye tope. Wewe uliyekuwa unaiba maembe yangu, nakujua, shika katikati. Huyo wa maembe alikuwa mzee mwenye wajukuu, na alishika katikati. Wakahesabu, wakanyanyua. Gari likainuka na mama ndani yake, likasogezwa pembeni kama kitanda cha kuhamia nyumba mpya, na yeye akapunga mkono dirishani kwa watu ambao hakuwaona.

Kwenye lami alishika mlango kwa mikono miwili. Nilidhani anaogopa. Kisha akauliza, "Hii sauti ni yetu?"

"Ni yetu, mama," akasema mume wangu kwa wasiwasi. "Inakusumbua?"

"Hapana. Ongeza kidogo."

Akaongeza. Tukavuka daraja la Malagarasi tukinguruma, tukapita Makere, na kila mahali aliposikia sauti za watu, sokoni au kituoni, mama aliuliza kama wamegeuka kututazama. Wamegeuka, nikamwambia. "Vizuri," akasema. "Wajue kwamba nimekwenda."

Tulikuwa tunateremka kuingia Kasulu taa nyekundu ilipowaka kwenye dashibodi, ile yenye picha ya birika la mafuta. Mume wangu akazima injini hapo hapo, akaliacha gari lijiviringishe mpaka pembeni. Alishuka, akachungulia. Nyuma yetu kulikuwa na mstari mweusi wa oili juu ya lami, umetufuata sijui tangu wapi. Sampu ilikuwa imepasuka, bila shaka pale Kitahana.

Mtu huyu alikuwa analiosha gari lile kwa kitambaa laini kilichokatwa kutoka shuka la mtoto. Alikuwa haliegeshi chini ya mti kwa sababu ya ndege. Nilijua atalifungua boneti, atalizunguka, atapiga simu, tutachelewa foleni ya macho. Lakini alisimamisha bajaji ya kwanza iliyopita, akafungua mlango, akamwinua mama yake kutoka kile kiti cha chini akiwa amempakata mikononi kama mtoto, akamweka ndani ya bajaji. Tukaondoka. Hakugeuka nyuma. Nilingoja ageuke, kwa sababu ningemtania kwa hilo maisha yangu yote, na hakugeuka.

Foleni ilikuwa ndefu, mabenchi mpaka nje. Tulipokaribia mlango, mama akamshika mkono.

"Gari umeliacha wapi?"

"Barabarani, mama."

"Umelifunga?"

Akapapasa mfuko wa suruali. Akapapasa wa sweta. Nikaona rangi inamtoka. Ufunguo ulikuwa umebaki kwenye gari, milango wazi, na kwenye kiti cha nyuma kibuyu cha asali ya daktari. Akaanza kunyanyuka.

"Kaa," mama akasema, na hakuuachia mkono.

Akakaa. Akakaa wima kama mwanafunzi mpaka muuguzi alipokuja kumchukua mama. Mimi nilitoka nje kidogo nikampigia yule fundi. Alicheka kwanza, kwa Kifaransa na Kiswahili. Kisha akaenda mwenyewe na gari la kuvuta, akalikuta gari lilivyoachwa, na mwanamke wa genge la karibu amekaa juu ya jiwe akililinda. Alisema alikuwa ameona mtu akimbeba mama yake, akaona si vizuri gari la mtu kama huyo liibwe.

Mama alipasuliwa jicho moja siku ile, akalala kwa binamu wa mume wangu pale mjini. Kesho yake tulirudi kufunguliwa bandeji. Daktari akaondoa pamba taratibu, akasafisha, akamwambia afumbue. Mama akapepesa. Chozi likamtiririka, la dawa au lake, sikujua. Akamtazama mwanawe muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Ni wanafunzi, mama," akasema mume wangu.

Kisha akanigeukia mimi, akanipima juu mpaka chini. "Na wewe mukazana wanje, mke wa mwanangu, kwa sauti yako nilidhani una mwili zaidi." Ndivyo alivyonisalimu mkwe wangu kwa jicho lake jipya.

Asubuhi iliyofuata ilibidi mimi nirudi Kibondo kazini, na mume wangu abaki na mama mpaka daktari amwone tena mwisho wa wiki. Fundi alikuwa ameshaichomelea sampu, akaweka oili. Akanikabidhi funguo, akasema, "Madamu, polepole." Mume wangu naye akasema polepole, akanieleza matuta yote mpaka Kibondo kwa mpangilio, akaonyesha kwa mikono pembe ya kuyaingilia.

Sasa ninaandika jambo ambalo sijapata kumwambia. Nilikwenda polepole mpaka Kasulu ikaisha. Mbele yangu lami ikanyooka, tupu, jua la asubuhi ubavuni, misitu pande zote mbili. Nikakanyaga kidogo, nione tu. Gari likajibu. Kwenye kona halikuyumba kama zamani; lilikaa, likaikumbatia barabara, na ule mlio ukapanda kutoka sakafuni mpaka kwenye mbavu zangu. Nikakanyaga tena. Nilikuwa peke yangu, hakuna mjamzito anayeniita, hakuna anayeniuliza chakula kiko wapi. Nilijikuta ninacheka kwa sauti, mwanamke mzima wa watoto wawili mwenye sare ya uuguzi.

Trafiki alinisimamisha baada ya Makere. Alikuwa mwanamke wa rika langu. Akalizunguka gari, akainama kutazama bomba la nyuma.

"Mama, hili gari ni la nani?"

"La mume wangu, afande."

"Kijana?"

"Mwalimu wa fizikia."

Akanitazama. "Anatafuta nini?"

"Kitovu cha uzito, afande."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Akanionya juu ya mwendo na juu ya kelele, akaniambia nimfikishie mwalimu salamu kwamba siku nyingine hatacheka. Salamu sikufikisha. Nilimwambia mume wangu kwamba safari ilikuwa salama na nimeendesha polepole, akaniambia, "Unaona? Ni suala la akili."

Jumamosi nilirudi Kasulu kuwachukua. Mama alitoka nje akitembea mwenyewe, akasimama mbele ya gari. Alilitazama kwa jicho moja, kisha akalizunguka lote. Alitaka kuinama achungulie chini, magoti yakakataa. Mume wangu alisimama kando, mikono nyuma, kama anayesubiri matokeo ya mtihani wa taifa.

"Ni zuri," mama akasema mwishowe. "Linang'aa. Lakini si la kwetu kule."

"Ni kweli, mama."

"Sauti ibaki."

Akakaa mbele. Tukadhani tutafika Kibondo mapema, lakini hatukuwa tumemwuliza mama. Hatujaenda mbali akasema, "Punguza, nione." Kulikuwa na nyumba mpya ya bati la bluu. Nani amejenga? Hatujui. Punguza tena, wale ni ng'ombe wa nani, mbona wana pembe hivi? Kile kilima kilikuwa na miti, miti imekwenda wapi? Gari lile lililoshushwa, lenye rimu za inchi kumi na saba, likawa linakwenda mwendo wa baiskeli. Malori yaliyotoka Manyovu yakatupita moja baada ya jingine, madereva wakituchungulia kutoka juu kule. Baiskeli moja pia ilitupita. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili akisimama kila alipoambiwa, na mama akaitazama ile barabara ambayo alikuwa ameipita mwanzoni mwa wiki akiisikia tu.

Karibu na Malagarasi mume wangu akanitazama kwenye kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Wiki ijayo nitamwambia fundi arudishe springi za zamani."

"Na heda?"

"Si umesikia mama alivyosema."

Tulipofika njia ya kuingilia Kitahana hakujaribu hata kuiingia. Aliegesha pembeni mwa lami, safari hii akafunga milango, akakagua mara mbili. Akachukua kapu la dawa, mimi nikachukua kibuyu cha asali ambacho daktari alikikataa kwa heshima, na sote wawili tukamwendea mama kumshika mkono. Akautoa. Alikuwa ameshashika njia, kitenge amekikusanya kiganjani, anatembea juu ya ule mgongo wa udongo katikati ya mitaro, akitusemesha bila kugeuka: tuangalie tunapokanyaga, kuna tope.